Kikombe Kilichowekwa Kando

Ndugu zangu, asubuhi ile kabla sijafungua macho nilisikia vyombo vya bati vikigongana jikoni, polepole, kama vinaibwa. Nilipofika, dada ya bwana wangu alikuwa ametoa kikombe changu kati ya vingine na kukiweka peke yake dirishani.

"Yako iko hii, mama. Batoto basikunywe mule."

"Juu ya nini?"

"Jiangalie kwanza ile uso!"

Alisema ni ukoma. Wenye ukoma walitolewa hapa mjini wakapelekwa mbali, bila watoto wao. Ningelala vipi? Mashavu na pua vilijaa vipele, vikawaka kama vimepakwa pilipili. Uso mweusi kama huu hauonyeshi wekundu upesi. Moto niliusikia mimi peke yangu.

Na sababu, jamani, kila mtu alikuwa na ya kwake! Mmoja alisema ni pombe, mimi nisiyegusa hata munkoyo, togwa yetu ya mahindi, ukichacha. Dada akasema ni damu chafu. Akanifunika blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka, kisha akanisugua kwa sabuni ya kufulia na ndimu. Nilitoka nimevimba.

"Muone! Ugonjwa inatoka sasa!"

Nawauliza: mtu akiunguzwa akaungua, ndiyo dawa imefanya kazi?

Nikaenda dispanseri. Munganga alinichoma shavuni kwa ncha ya sindano. Nikapiga kelele hata waliongoja nje wakacheka.

"Vizuri," akasema. "Ukoma mara nyingi unatia ganzi. Shavu lako linalia. Inawaka wakati gani?"

Nilichoka kuulizwa. "Nikikaanga mikate ya kuuza! Nikikunywa chai ya moto! Nikisimama kwenye jua! Wakinifukiza! Unataka nini tena?"

"Basi, mama, umenijibu."

Mzizi wa ugonjwa huu hata yeye hakuujua. Alijua tu kinachouamsha. Akanipa mafuta ya salfa, akaniambia hayatanisaidia kitu kama kila alfajiri nitaurudisha uso juu ya karai la moto.

Lakini karai lile ndilo lililotulisha! Hapo ndipo mlipoingia ninyi, mama zangu wa kikundi hiki. Mlishika karai, mkaniachia unga nikande. Sina neno kubwa kuliko aksanti. Uso haujapona wote. Siku nyingine unawaka bado. Ila anayekuletea dawa, mwulize kwanza anatibu nini, ndipo umpe shavu lako.

Kikombe chenyewe hiki, nimekuja nacho. Chai imepoa. Nimekunywa mimi, pokea, mama, kunywa, upitishe. Hivyo. Na wewe. Aksanti.

Dada ya bwana wangu, pale benchi ya nyuma, mbona unageuza uso? Batoto balishakunywa mule, mama, bazima kabisa. Ni zamu yako. Unasimama? Ngoja, usi...

Haya. Mpeni anayefuata. Mlango ameshaufunga.