Jela Yangu Ilikuwa Chini ya Kitanda

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe pia na sisi tunaokaa kiti cha nyuma! Nimeandika haya polepole ili nisomewe, kwa sababu nikisimama mbele yenu sauti hunipotea. Shule niliacha darasa la sita. Mnisamehe mahali maneno yamepinda.

Kwetu kulikuwa juu ya Kimilili, kwenye mteremko wa mlima. Mvua ilinyesha bila kupumzika, mlima ukakatika, udongo ukafunika nyumba. Mimi na mama tulitolewa. Dada yangu mdogo hakuonekana. Watu walichimba mpaka wakachoka. Mwishowe wazee walikata mgomba wakauzika mahali pake, kama inavyofanywa mwili ukikosekana. Ndugu zangu, nilisimama nikaona dada yangu amekuwa mgomba!

Tukahamia Matisi, hapa Kitale. Mama akauza sukumawiki, mimi nikabeba mizigo sokoni. Lakini wingu likija tu, nilikimbia nyumbani nikaingia chini ya kitanda. Mvua ikipiga mabati sikuweza kupumua. Vijana walinicheka, "Niaje, mzee wa mvua! Wingu hilo bana, si ukimbie!" Kazi ikaisha. Jina la dada sikulitaja, hata katika maombi. Nilimwomba Mungu anichukue. Akanyamaza. Niliona kama hata yeye amefunikwa na ule udongo.

Ndipo akaja Nafula, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Myanga, anayesomea saikolojia. Alizunguka mtaani akiuliza watu waliohama makwao wanaishi vipi na yale waliyoyaona. Hata jina lake, la mtoto wa mvua, lilinitisha. Akaniuliza kwa sauti ya kwao, "Ndugu yangu, jelaha lako riko wapi?"

Mimi nilisikia jela. Nikajibu, "Iko chini ya kitanda."

Mama akasema, "Ati jela? Amesema jeraha, wewe!"

Nafula hakucheka. Aliinama akaona gunia ninalolalia huko. "Basi tuanzie hapo," akasema.

Akaketi sakafuni, akanifundisha kufumba macho na kusikiliza pumzi ikiingia, ikitoka. Mama akashtuka. "Binti yangu, hayo si mambo ya majini?"

"Hapana, mama. Ni pumzi yake tu. Mimi sijamletea kitu."

Hakuna kilichotokea. Nafula akarudi kwao, mimi nikabaki vilevile.

Kisha mvua kubwa ikaja. Nikiwa chini ya kitanda nilisikiliza pumzi. Ikaingia. Ikatoka. Likanijia wazo lisilo langu: mtu wa kwanza alikuwa udongo, na Mungu hakuukimbia. Aliinama akaupulizia. Ndugu zangu, udongo! Nikaita jina la dada yangu kwa nguvu. Mama akaangusha sufuria, akaingia chini ya kitanda pamoja nami, tukaliita tukilia.

Sijapona yote. Mvua bado inanitetemesha, na kuna asubuhi sioni sababu ya kuamka. Lakini sasa ikinyesha ninakaa juu ya kitanda. Namshukuru Mungu, na Nafula. Wewe uliye na jela yako, mwite Yesu hukohuko chini. Anajua kuinama.

Dada yangu anaitwa Nasimiyu, maana alizaliwa kiangazi. Mvua ikianza wakati haya yanasomwa, msinitazame. Tajeni jina lake pamoja nami.