Aliyesema Sikubali

"Nani amesema sikubali?"

Swali hilo mzee wa baraza aliliuliza asubuhi, ndani ya ukumbi wa Vesali, na katika wafalme wote waliojazana mle hakuna aliyejibu. Katika mji wa Vesali, kila mkuu wa ukoo ni mfalme, hata mwenye kiwanja cha kulaza ng'ombe mmoja. Hoja husomwa mara tatu, na kimya ni kukubali. Sauti moja ikipinga, hoja inangoja kesho ipigiwe kura ya vijiti. Hoja ya leo ilikuwa kulizungushia ua bwawa la wafinyanzi, ili koo kubwa zipate pa kuogea. Kesini, muuza mtindi wa mtaa wa wafinyanzi, aliisikia sauti iliyosema sikubali akiwa nje, mtungi kichwani, akashukuru kimoyomoyo. Bila bwawa, ng'ombe wake wangekunywa nini? Hadi mchana, benchi la mbele ya ukumbi halikuwa na habari nyingine.

— Ni pepo wa bwawa, alisema mfinyanzi waliyempachika jina la Kifuniko. Kachoka kuonewa.

— Pepo gani anajua taratibu za baraza? Yule ni kasuku wa darini, alijibu Robo Mfalme, mkuu wa ukoo mdogo kuliko zote, sauti ikikwaruza kama kawaida yake.

— Kasuku kajifunzia wapi kukataa? Humo ndani si mnakubali tu?

— Chunga mdomo, Kifuniko.

— Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana mnayajengea ua.

— Wahenga wako walikuwa wauza mbao.

Kesini alimjazia Robo Mfalme mtindi hadi ukingoni, akatia chumvi bila kuombwa. Mkwaruzo ule humwomba chumvi kila siku. Angeutambua hata usingizini, sembuse asubuhi ile nje ya ukumbi. Na mwenye hoja alikuwa baba mkwe wa Robo Mfalme.

— Leo umenijazia mno, binti.

— Kunywa, baba. Ng'ombe wangu wameshakunywa.

Mchuuzi mmoja mgeni kutoka Magadha, kwenye mfalme mmoja tu, akaweka kikombe chini.

— Kwetu mfalme akilitaka bwawa analichukua, nasi tunapiga magoti. Nyinyi mna bahati. Ila huyu muuza mtindi anayelitegemea bwawa, mbona haingii ukumbini akasema mwenyewe?

Kifuniko akatazama vidole vyake. Robo Mfalme akajikuna shingo.

— Nauliza mara ya pili, alisema Kesini. Mbona siingii?

Nzi akatua kwenye mtungi.

— Mara ya tatu.

Kimya.

— Basi mmekubali niingie. Baba, nakushukuru, kwa lipi, unajua mwenyewe. Kesho nishikie nafasi kando yako.