Bi Kifutio na Maboksi Sita ya Fomu Namba Tisa

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya elimu maalumu, Bi Kifutio anastaafu. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila nina hasira, na wakubwa waniwie radhi.

Alianza kama karani wa chumba cha chini, kile chenye dirisha lisilofungika. Kazi yake ilikuwa kujaza Fomu Namba Tisa, iliyoamua mtoto yupi apokelewe shuleni na yupi abaki nyumbani, yenye visanduku viwili: "Anafundishika" na "Hafundishiki". Mtoto mwenyewe hakuonwa. Barua ya mwalimu mkuu ilitosha. Mwaka wake wa kwanza alimtilia binti mmoja alama kwenye kisanduku cha pili. Wiki mbili baadaye mama wa mtoto, fundi cherehani, akaja na daftari. Binti yule, kiziwi, alikuwa ameandika humo vipimo vya wateja wote wa mama yake, bila kukosea hata kimoja. Bi Kifutio alilia palepale kaunta, kisha akampeleka mtoto shuleni yeye mwenyewe.

Jina lake lilitoka hapo. Makarani wenzake walitia alama kwa penseli. Yeye alipita na kifutio kabla bosi hajatia wino. Alikaripiwa, akahamishwa mara tatu, akanyimwa cheo. Jamani, kwa kufuta! Naye king'ang'anizi, akasoma masomo ya jioni, akarudi mtaalamu wa sera, na akaandika sera inayosema hakuna mtoto asiyefundishika. Ilipitishwa miaka minne iliyopita. Tukapiga makofi, tukala keki.

Fomu ikaendelea kutumika! Kisa? Stoo ilikuwa na maboksi sita, na utaratibu wetu ni kumaliza karatasi zilizopo ndipo zichapwe mpya. Miaka minne watoto wanakaa nyumbani kwa ajili ya maboksi! Aibu iliyoje! Kila Jumatatu Bi Kifutio alishuka stoo kuuliza, na kila Jumatatu mtunza stoo akamjibu kwa upole kwamba bado zipo, mama.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaka saa wala seti ya vikombe. Alitaka fomu zile ziishe.

Basi, ndugu mwalikwa, geuza karatasi uliyoshika. Ndiyo, ni Fomu Namba Tisa. Ratiba ya leo, nyimbo na wasifu huu tumevichapa nyuma yake, na mtunza stoo ndiye aliyebeba maboksi. Sasa unajua kwa nini tumealika watu wengi hivi.

Asante, dada yetu. Kapumzike kwa raha, wajukuu wakuchoshe kidogo. Jumatatu usishuke kuuliza: stoo ni tupu.