Waya wa Vali ya Boila

Sehemu kubwa ya historia hii alinisimulia marehemu mwenyewe, baba yangu mdogo, tarehe 2 Mei mwaka huu akiwa wodini, na mjomba, kaka wa mjane, aliithibitisha jana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, akamaliza darasa la nane mwaka 1966, na tarehe 3 Januari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, akaanza kwa kuchochea moto hadi akawa fundi mkuu wa boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke. Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1978, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia.

Tangu juzi nawasikia humu sebuleni, huku mkisema alikuwa mtu mzuri, kule mtu mbaya, kama watu wanaochagua nyanya. Wanaomwita mbaya wanataja tarehe 3 Februari 1987, alipozima boila akakataa kuiwasha kwa wiki saba, watu wakakaa bila kazi, na wanaomwita mzuri wanataja tarehe hiyohiyo, wala hakuna aliyeuliza kilichotangulia. Vali ya usalama, inayotoa mvuke ukizidi, ilikuwa imefungwa kwa waya ili zamu isisimame, na aliyeifunga ni marehemu kwa mkono wake, kama walivyofanya mafundi wote kabla yake. Tarehe 11 Oktoba 1986 bomba lilipasuka, mvuke ukamuunguza mjomba, aliyekuwa akifanya kazi naye, mkono mzima, bega hadi vidole. Marehemu aliacha kila mtu aamini ni bahati mbaya, akaendelea kuufunga waya ule karibu miezi minne, ndipo akaukata, akazima boila na kudai vali mpya. Mjomba alimwona akiufunga, akanyamaza kwa ajili ya dada yake, ila hakumwamkia tena.

Juzi shangazi aliniambia, “Mwanangu, andika alikuwa mtu mzuri, tumalize.” Mjomba akamjibu, “Akisoma hivyo, mimi makaburini siendi.” Mama mdogo ameniomba jambo moja tu, kaka yake awepo tunapomzika mumewe, kwa hiyo nimeandika yaliyotokea, na mwenye neno fupi kuliko haya abaki nalo nyumbani kwake.

Marehemu aliugua kifua tangu Novemba mwaka jana, akafariki tarehe 6 Juni 2019, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani wa mlango wa pili aliyempeleka kliniki kila Jumanne, na wafanyakazi wenzake, wale wawili waliofika kumwona akiwa hai.

Baba mdogo, umechoka, pumzika sasa kwa amani.

Waliokuwa chumba cha boila siku bomba lilipopasuka walikuwa watatu. Mchochea moto alifariki mwaka 1994, marehemu tunaye hapa mbele yetu, na mjomba yu hai, amekaa karibu na mlango, ameniruhusu niseme kwamba makaburini anakwenda, na kwamba hajasamehe.