Respicius Mutalemwa na Waholanzi Wake

Marehemu Respicius Mutalemwa alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, Jumanne tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa Ta Laurenti na Ma Rozalia. Wanaosema alizaliwa tarehe 19 wanataja siku ya ubatizo. Yeye mwenyewe aliandika ya ubatizo kwenye pasipoti na ya kuzaliwa kwenye vyeti vya shule, akaona ni sawa tu kwa kuwa zote ni za kweli. Dada yake mkubwa, Flaviana, alimwambia achague moja. Hakusikia. Kosa hilo lilimla miaka ishirini na moja.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu, kisha seminari ndogo. Seminarini walikula kimya huku mmoja wao akisoma kitabu kwa sauti. Respicius aliangukiwa na habari za wamisionari waliokwenda Japani ya zamani, na hapo ndipo alipoharibika. Wenzake walimaliza maharage, wakaosha sahani, yeye bado yuko Nagasaki. Upadri aliuacha, Japani hakuiacha.

Kuanzia 1980 alifundisha historia Bukoba. Wazazi walilalamika kwamba watoto waliwajua mashoguni, wale watawala wa kijeshi wa Japani, kuliko machifu wa kwao. Tarehe 25 Julai 1987 alifunga ndoa na Elieth. Kwenye karamu alisimama kuwashukuru wazee, akaanza kueleza jinsi Wareno walivyofikisha bunduki Japani mwaka 1543. Elieth akamvuta koti.

"Respi, watu wana njaa."

"Namalizia."

Hakumalizia. Pilau ililiwa imepoa.

Mwaka 1996 alikuja Maryland, Marekani, kusoma. Elieth na binti yao Audrey walimfuata baada ya miaka mitatu. Walikaa Beltsville, naye akafanya kazi ya kuhudumia wazee Rockville, ambako alipendwa sana, kwa kuwa wazee wale hawakuweza kuinuka na kumkimbia. Alipoomba makaratasi ya kuishi nchini, zile tarehe mbili zilionekana. Faili likarudishwa, likapelekwa, likarudishwa tena. Wakili alimwonya: akitoka nje ya nchi, asitegemee kurudi.

Mtu mwingine angelia. Respicius alifurahi kama aliyepata ndugu. Alimweleza kila aliyemtembelea kwamba Wajapani walipofukuza Wareno na kupiga marufuku Ukristo, walibakiza Wazungu wa aina moja tu, Waholanzi, nao wakawafungia Dejima, kisiwa kidogo cha kutengenezwa pale Nagasaki, chenye daraja moja na walinzi. Nchi waliiona, kuvuka hawakuruhusiwa. Mara moja tu kwa mwaka mkubwa wao alisafiri hadi Edo kumwinamia shoguni, na huko wageni waliambiwa waimbe, wacheze, hata watembee kama walevi, mabibi wa jumba wakiwatazama nyuma ya pazia. Kwa hiyo kila mwaka alipokwenda kuhuisha kibali chake cha kazi alisema, "Elieth, nipigie shati pasi. Leo naenda Edo." Elieth aliipiga pasi hiyo akiwa amenuna.

Tarehe 11 Agosti 2009 Ma Rozalia alifariki. Flaviana alimpigia simu.

"Unafika lini?"

"Dada, siwezi. Unawajua wale Waholanzi wa Dejima..."

"Mama yuko kwenye jeneza, Respi! Waholanzi watakuja kumzika?"

Simu ikakatika. Alizikiwa mama yake na wengine.

Makaratasi yalitoka 2017, yake na ya Elieth. Audrey alikuwa amepita umri wa kuingia kwenye faili la baba yake, akaambiwa asubiri lake. Mwaka 2018 Respicius alifika Kamachumu. Alikaa kaburini kwa mama asubuhi nzima asiitaje Japani. Flaviana alimpelekea kahawa ya kutafuna, wakatafuna pamoja.

Figo zilianza kumsumbua 2021. Alipokwenda kusafishwa damu, muuguzi Jelagat, Mkenya mwenye subira ya ajabu, alimsalimu hivi:

"Mzee, Waholanzi wamefika wapi leo?"

"Wako njiani. Mvua imewakamata."

"Haya, nipe mkono, tuwaharakishe."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, Elieth akiwa kando yake. Kuhusu mahali pa kuzikwa hakuacha neno hata moja, mtu aliyekuwa na maneno mengi kiasi kile.

Ukoo ulisema arudi Kamachumu, akalale kibanjani, kwenye shamba la migomba la ukoo, kando ya mama. Flaviana alitumwa kuja kumchukua, na alikuja kwa nia hiyo. Mabishano yakachukua siku tatu. Mwisho Audrey, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu Kiingereza, alisema kwa Kiswahili:

"Shangazi, mkimpeleka, mimi nitamzikaje? Nikitoka sirudi. Na mwanangu Ethan nimwache na nani?"

Flaviana akachukua simu, akampigia Ta Zefania, mkubwa wa ukoo.

"Hatumleti."

"Hamumleti? Shimo limeshapimwa!"

"Pandeni migomba. Huku ana mtoto."

"Na wewe basi ulitumwa kufanya nini huko?"

"Kuzika. Nitazika."

Ta Zefania alifoka mpaka salio la Flaviana likaisha, na yeye hakupiga.

Marehemu ameacha mjane, Elieth, binti, Audrey, mjukuu, Ethan, dada, Flaviana, na ukoo mzima Kamachumu, ambao umeomba kanda ya video. Audrey atatangulia kutupa udongo; wengine wafuate bila kusukumana. Bwana amjalie Respicius pumziko la amani, hapa ambapo mwanawe anaweza kufika.