Mshale Unaoingia kwa Nyuma

Asubuhi hiyo kahawa ya kwenye kona ya mafundi haikupita kooni. Fundi Pindo, mshona suruali, alikuwa amekalia koti jeupe la binti yake, na binti ana mtihani wa maabara saa nne! Bila koti haruhusiwi mtu kuingia. Lakini baba hatoi koti mpaka ajue maana ya michoro ya binti aliyoikuta kwenye meza yake ya kukatia, tena kwa chaki yake mwenyewe. Akainama, akawachorea wenzake pale sakafuni.

— Tazameni. Herufi moja katikati. Mshale huu unaingia kwa nyuma, huu unatokea mbele.

— Ramani ya nyumba hiyo, akasema Jicho, mlinzi mstaafu wa maghala. Mwizi anapitia uani.

— Mwizi wapi! akadakia Redio, fundi wa redio. Huyo ni mwanamume. Yeye anaingia uani, wewe unatoka mbele kuja kunywa kahawa. Wamekupigia hesabu, ndugu yangu.

— Mwanangu? Thubutu!

— Jana hakurudi ananukia?

Fundi Pindo akaweka chaki chini. Alinukia, ndiyo.

— Ndizi mbivu. Na ndizi hatukununua.

— Haya sasa! Jicho akashusha sauti. Wanapika kitu hao. Ukikinusa tu, unasahau jina lako. Wewe ulinusa?

— Nilinusa.

— Unaitwa nani?

— Fundi Pindo.

— Mnaona? Hilo ndilo jina alilopewa na mama yake?

Mshonaji wa watu akazidi kulikalia koti. Hapo hapo binti akatokea, jasho usoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia kinyonge.

Akatazama sakafu.

— Baba, hiyo ni kemia, na herufi ni kaboni. Elektroni za chembe ngeni zinaijia kwa nyuma, chembe iliyokuwa imeishika inaachia upande wa pili, kwa mpigo mmoja. Mshale unaonyesha elektroni zinakokwenda. Na ile harufu ya ndizi tuliitengeneza maabara, kwa asidi na alkoholi.

— Alkoholi! Jicho akaruka.

— Mzee wangu, hainyweki.

Redio akajidai anapoza kahawa iliyokwisha kupoa. Binti akamgeukia baba yake.

— Baba, nilikuwa chumba cha pili tangu alfajiri. Kwa nini hukuniuliza mimi?

Fundi Pindo akainuka, akalitoa koti, akaanza kulinyoosha kwa viganja.

— Mwanangu, mimi nili...

Akamvisha koti, kisha akaifuta michoro ya sakafuni kwa kiatu.