Picha Iliyobaki

Macho hayana pazia, na masikio ya mshonaji nayo hayakuwa na mlango. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi, mzee mmoja alikuwa amepakata kamera ya zamani, ya chuma na ngozi, lenzi yake safi kama jicho la mtoto.

“Shikamoo mzee. Bado inapiga hiyo?” aliuliza binti aliyekaa kando ya mzee.

“Marahaba. Ilikuwa ya marehemu mke wangu. Mkanda alioutia mwenyewe bado umo ndani, na imebaki picha moja.”

“Basi ipige, ukausafishe, uone alichokuwa akipiga!”

“Nipige nini, mwanangu? Simu unafuta, unarudia. Hii ukipiga, umepiga.”

“Piga chochote, hata dirisha!”

“Dirisha! Unataka mke wangu atoke kaburini anigombeze?”

Mashine gani hii, aliwaza mshonaji, inayomfanya mtu mzima aogope kubonyeza? Mzee akaiinua, akazungusha lenzi taratibu, akaielekeza huku na huku, mara hata nyuma alikokaa mshonaji, binti bado anabisha.

Basi liliposimama kituoni kwake, mshonaji alijikuta amenyoosha mgongo, mtandio ameshautengeneza, na pumzi ameibana.